Sitara ya Nyumba ya Mtumishi wa Watu

Bismillahi 'r-Rahmani 'r-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kujua ya siri na ya dhahiri, aliyewasitiri waja wake akawaamrisha nao wasitiriane. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya, ndugu zangu Waislamu, jambo tutakalo kulieleza katika kurasa hizi ni jambo tunalolipita kila siku wala hatulitii maanani, nalo ni khabari za nyumba ya mtu: pahali anapokaa, njia anayopita, watoto wake wanaposoma, na nambari ya simu yake. Na khasa twataka kusema juu ya khabari za wale waliopewa kazi ya kuwahukumu watu na kuwalinda na kuwatumikia, nao ni makadhi na mahakimu, maaskari, waendesha mashitaka, makarani wa serikali na mfano wao. Je, yafaa khabari hizo zikusanywe na kuuzwa kwa kila mwenye fedha? Na akiuziwa mtu mwovu, naye akaingia nyumba ya watu akamwaga damu, muuzaji ana sehemu gani katika dhambi hiyo?

Kila aliyekulia katika miji yetu ya pwani aijua desturi ya baraza. Mgeni akiingia mtaani akaulizia nyumba ya fulani, wazee waliokaa hapo hawamwonyeshi mlango mara moja. Kwanza huitikia salamu yake, kisha humwuliza: Watoka wapi, bwana? Una jambo gani naye? Mwajuana, au umetumwa? Wakiona hana shari, humpa mtoto ampeleke. Na wakimtilia shaka, humwambia akae angoje, mwenyewe aitwe. Wazee hawa hawana kitabu cha kanuni mikononi mwao. Wajua kwamba nyumba ya fulani si siri, kwani mtaa mzima waijua. Lakini wajua vile vile kwamba kuijua nyumba ya mtu ni jambo moja, na kumwonyesha kila ajaye ni jambo jingine, na baina ya mawili hayo pana amana. Maswali yale machache ya barazani ndiyo ua wa nyumba ya jirani yao.

Katika zama zetu imezuka biashara ambayo mwenyewe haulizi hata swali moja katika maswali hayo. Sisi twamjua dalali wa nyumba, na dalali wa mnada. Huyu ni dalali wa khabari, na bidhaa yake ni watu. Hukusanya jina la mtu kutoka katika daftari zilizo wazi, kama hati za kununulia nyumba, daftari za wapiga kura, na kesi za mahakamani. Hukusanya nambari yake kutoka madukani alikonunua, na kutoka katika programu alizozitia katika simu yake. Kisha huyapanga yote pamoja: jina la mtu na umri wake, nyumba anayokaa sasa na zile alizohama, majina ya jamaa zake na jirani zake, akayaweka katika intaneti. Anayetaka hulipa fedha kidogo, na pengine halipi kitu, akapewa ukurasa mzima. Kila khabari katika hizo ilipokuwa peke yake mahali pake haikuwa na madhara makubwa, kama kijiti kimoja kilichoanguka njiani. Lakini dalali ameviokota vijiti vyote akavifunga, akampa asiyemjua, wala hakumwuliza anakwenda kumpiga nani.

Biashara hii imeenea sana Marekani, na huko ndiko madhara yake yalikodhihirika kwa damu. Katika jimbo la New Jersey yuko hakimu mwanamke, jina lake Esther Salas, aliyeingia katika mahakama ya serikali kuu mwaka 2011. Siku ya Jumapili, tarehe 19 Julai 2020, alikuwa nyumbani kwake katika mji wa North Brunswick, pamoja na mumewe Mark Anderl na mwana wao wa pekee Daniel, mwanafunzi wa chuo kikuu. Siku chache nyuma kijana huyo alikuwa ametimiza miaka 20, na rafiki zake walikuwa wamekuja kufurahi naye. Mama na mwana walikuwa katika chumba cha chini wakizungumza, na kengele ya mlango ikalia. Kijana akapanda mbio kwenda kutazama ni nani. Mlangoni alisimama mtu aliyejifanya mleta vifurushi, naye ana bastola. Akampiga Daniel risasi akafa, akampiga na baba yake akamjeruhi vibaya, naye Mwenyezi Mungu akamponya. Muuaji huyo alikuwa wakili aliyepata kuleta kesi mbele ya hakimu yule, na siku ya pili yake alikutwa amekwisha jiua.

Hakimu Salas alieleza baadaye kwamba mtu yule alikuwa amekusanya daftari kamili ya maisha yake: mtaa anaokaa, njia anayopita kwenda kazini, jina la rafiki yake mpenzi, na kanisa anakokwenda kusali. Na jambo lililomwumiza zaidi ni kwamba khabari hizo hazikuibiwa. Zilikuwa zapatikana, na kuzitafuta na kuziuza hakukuwa kosa kwa sheria ya nchi yake.

Wala khatari hiyo haikuanza siku ile. Idara ya Marekani inayowalinda mahakimu wa serikali kuu ilihesabu vitisho na maneno maovu 926 mwaka 2015 juu ya watu walio chini ya ulinzi wake, na mwaka 2019 hesabu ikafika 4,449. Mama huyu alipozika mwanawe alisimama akawataka watu wa nchi yake wazibe mlango huo. Mwezi wa Novemba 2020 jimbo la New Jersey likatoa sheria iitwayo kwa jina la Daniel. Kwa sheria hiyo mahakimu, waendesha mashitaka na maaskari, walio kazini na waliostaafu, wana haki ya kumwandikia mwenye kutangaza anwani ya nyumba yao au nambari ya simu ya nyumbani kwamba aiondoe katika siku 10 za kazi, na asiyeiondoa aweza kutozwa dola 1,000 kwa kila kosa. Na mwezi wa Desemba 2022 serikali kuu ikatoa sheria yenye jina la kijana yule kwa ajili ya mahakimu wake. Katika hiyo dalali amekatazwa kuziuza khabari hizo, na mtu akiandikiwa aziondoe, muda wake ni saa 72.

Madalali hawakuridhika. Mwaka 2024 makampuni zaidi ya 100 yalishitakiwa katika New Jersey kwa kuwa yaliandikiwa na hayakuondoa. Nayo yakajibu kwamba sheria ile yavunja uhuru wa kusema. Hakimu aliyeisikiliza hoja hiyo aliikataa mwezi wa Novemba mwaka huo huo, nayo yakakata rufani.

Na sheria za wanadamu hufuata nyuma ya msiba. Usiku wa tarehe 14 Juni 2025, katika jimbo la Minnesota, mtu aliyevaa kama askari aligonga milango ya wabunge. Melissa Hortman, aliyepata kuwa spika wa baraza la jimbo lile, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe. Na seneta John Hoffman na mkewe wakapigwa risasi wakajeruhiwa. Wapelelezi waliandika katika hati za mahakama kwamba katika daftari za mtu aliyeshitakiwa kwa jambo hilo mlikutwa orodha ya tovuti 11 za kutafutia watu, na kando yake maelezo ya namna ya kuzitumia. Tazameni, ndugu zangu: katika misiba yote miwili muuaji hakuvunja ukuta wala hakupanda dari. Aligonga mlango kama mgeni, kwa sababu mlango alikuwa amekwisha onyeshwa.

Huenda mtu akasema: Kila mtu ana nyumba, na kila mtu apenda sitara, kwa nini mtumishi wa serikali atajwe peke yake? Jawabu ni kwamba sitara ni haki ya kila mtu, lakini mtumishi wa watu ana jambo lililozidi. Kazi yake ni kumkasirisha mtu. Wawili wakija mbele ya kadhi kwa mirathi au kwa talaka, mmoja hana budi kutoka na uchungu. Askari amkamatapo mwizi, mwizi ana ndugu. Karani akatae hati ya uwongo, mwenye hati hatamsahau. Watu hawa twawaweka sisi wenyewe mahali pa kuchukiwa, ili haki zetu zisipotee. Basi si insafu tuwaweke hapo, kisha tuwaache wake zao na watoto wao wakalipe gharama ya hukumu.

Na zaidi ya hayo, sikilizeni yaliyomo katika dini yetu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amemkataza hakimu asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa amekasirika. Wanavyuoni wakaeleza sababu yake, kwamba hasira huiziba akili isiione haki. Kisha wakaingiza katika katazo hilo kila kinachoziba akili mfano wa hasira: njaa kali, kiu, usingizi uliomzidi mtu, maradhi yenye kuumiza, na khofu. Ikiwa kadhi hatakiwi kuhukumu hali ana njaa, ambayo huondoka kwa mkate, itakuwaje kadhi aliyeketi mahakamani naye ajua kwamba mshitakiwa aliye mbele yake ana anwani ya nyumba yake katika simu, na saa ambayo binti yake hutoka skuli? Ulimi wake utatamka hukumu, na moyo wake uko mlangoni kwake. Na atakayedhulumiwa kwa khofu hiyo ni yatima au mjane aliyeleta kesi yake, asiyejua kwa nini amenyimwa haki yake. Basi mwenye kuiuza anwani ya kadhi ameiuza haki ya yatima asiyemjua.

Sasa na tutazame Sharia imesema nini juu ya jambo lenyewe. Katika Suratu 'n-Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Na wakiambiwa warudi, warudi, kwani ndiyo usafi zaidi kwao. Katika Suratu 'l-Hujurat, aya ya 12, ametukataza dhana mbaya, na kupelelezana, na kusengenyana. Na wapokezi wamepokea kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu ya mlango wa Mtume (s.a.w.), naye Mtume ana chanuo mkononi anajikunia kichwa. Alipomwona akamwambia kwamba lau angejua kuwa anamchungulia angalimchoma nalo jichoni, na akamfahamisha kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Yazingatieni maneno haya. Mtu yule hakuingia wala hakuiba, na tundu hakuitoboa yeye. Alitazama tu kilichokuwa chaonekana, na juu ya hayo alistahili kukemewa kwa ukali huo. Dalali wa khabari naye husema: Mimi sikutoboa ukuta, nimetazama tu palipokuwa wazi. Lakini yeye amepita yule mchunguliaji, kwa kuwa ameisimamia tundu akaiweka bei.

Asema tena dalali: Mimi nauza khabari za kweli, na sijui mnunuzi ataka kuzifanyia nini. Jawabu yake imo katika vitabu vya fiqhi vinavyosomwa katika vyuo vyetu. Zabibu ni halali na kuiuza ni halali. Lakini maimamu wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa kumwuzia zabibu mtu ujuaye, au uliye na dhana yenye nguvu, kwamba ataikamua awe na tembo, ni haramu. Na ukiwa na shaka tu, ni makuruhu. Uhalali wa bidhaa haukumwokoa muuzaji, kwa kuwa Mwenyezi Mungu katika Suratu 'l-Maida, aya ya 2, ametuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na akatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Na yule aliyeipanga biashara yake makusudi asimwulize mnunuzi neno, ili apate kusema kuwa hakujua, atamwambia nini Mola wake? Mtu akiweka meza ya zabibu mbele ya kiwanda cha tembo kisha akajifunga kitambaa machoni, kitambaa hicho hakimfichi kwa Mwenyezi Mungu.

Hata mahakama za watu wasiokuwa wa dini yetu zimeliona jambo hili. Mwaka 1999, katika jimbo la New Hampshire, kijana mmoja aliyekuwa akimfuatia binti wa watu alimlipa dalali wa khabari ili amtafutie binti huyo anafanya kazi wapi. Dalali akatumia mtu aliyempigia simu binti kwa hila na uwongo hata akaipata anwani, akaiuza. Yule kijana akaenda akamngoja binti pale alipotoka kazini, akamwua, kisha akajiua mwenyewe. Mzazi wa binti akashitaki, na mwaka 2003 mahakama kuu ya jimbo lile ikaamua kwamba mwenye kuuza khabari za mtu kwa mtu mwingine ana wajibu wa kutahadhari, kwa sababu madhara ya namna hii yaweza kutazamiwa. Hukumu hii ni yale yale maswali ya wazee wa barazani, yamerudi kwa ulimi wa kizungu baada ya roho kupotea.

Imebaki hoja moja nzito, wala haifai tuiruke. Wako watu wema watakaosema: Mtumishi wa serikali akisitiriwa sana, ataificha na rushwa yake. Tutajuaje kwamba mshahara wake haulingani na jumba alilojenga? Hoja hii ina haki ndani yake. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametuwekea mpaka ulio wazi. Alimtuma mtu mmoja, ajulikanaye kwa jina la Ibnu 'l-Lutbiyya, kukusanya zaka. Naye aliporudi akagawanya mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari, akalisema jambo hilo mbele ya watu, akauliza mbona mtu huyo asikae katika nyumba ya baba yake au ya mama yake, aone kama hizo zawadi zitamjia. Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, kazi ya mtumishi ni ya watu wote, na akikosa katika kazi atahesabiwa hadharani, hata juu ya mimbari. La pili, Mtume amezitenga nyumba na kazi. Kinachomjia mtu kwa sababu ya kazi ni cha kuulizwa. Na nyumba ya baba yake na mama yake ina hukumu nyingine.

Basi ulizeni hukumu za hakimu na mshahara wake, ulizeni tenda aliyoitoa mkubwa wa ofisi na aliyempa, ulizeni askari alimkamata nani na kwa nini. Hayo ni haki yenu, na kuyaficha ni khiyana. Lakini nambari ya nyumba yake, na dirisha la chumba cha watoto wake, haviongezi kitu katika haki yenu. Mfano wa mpaka huu ulitokea huko huko New Jersey. Mwandishi mmoja wa khabari katika mji wa New Brunswick aligundua kwamba mkubwa wa polisi wa mji huo amejiandikisha kupiga kura mahali pa mbali sana, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa motokaa. Hilo ni jambo la kuulizwa, kwani wenye mji wana haki kujua kama mlinzi wao anakaa karibu nao. Mwandishi akataka kuitangaza anwani yenyewe, naye akazuiwa kwa sheria ya Daniel. Kesi ikapanda hata mahakama kuu ya jimbo, na mwezi wa Juni 2025 ikaamuliwa kwamba kuutaja mji anaokaa mtu yule hakukatazwi, lakini njia na nambari ya nyumba vyaweza kukatazwa. Mji watosha kumhesabu mtumishi. Nambari ya nyumba haimfai ila mwenye kutaka kugonga mlango.

Ndugu zangu, msidhani kwamba maneno haya ni ya Marekani tu. Kwetu Kenya, Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 chamlinda mtu asitakiwe wala asitangaziwe khabari za jamaa zake na mambo yake ya faragha pasipo lazima, na tangu Novemba 2019 iko sheria ya kulinda khabari za watu, na kamishna wa kuisimamia. Tanzania imetoa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na tayari yametokea ya kutosha kutuzindua. Mwezi wa Septemba 2023 kamishna wa Kenya aliitoza kampuni moja ya kukopesha fedha kwa simu shilingi 2,975,000, kwa kuwa ilichukua majina na nambari za watu kutoka kwa watu wengine, ikazitumia kuwapigia na kuwaandikia vitisho. Biashara hii basi imekwisha pandisha tanga katika bahari yetu, na tofauti yetu na wenzetu ni ukubwa wa chombo tu.

Kwa hivyo yatupasa tujitazame, kila mtu katika kazi yake.

Wa kwanza ni yule aliyewekewa daftari mkononi: bawabu anayeandika majina na nambari za vitambulisho langoni, karani wa benki, mtumishi wa kampuni ya simu, mwandishi wa hospitali, wakala wa kutuma fedha. Ewe ndugu, daftari hiyo ni amana, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratu 'n-Nisa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Akija mtu kwako na pesa za chai, akakwambia, Nitolee tu nambari ya hakimu fulani, au nitazamie askari fulani anakaa wapi, fahamu kwamba umefanywa dalali. Fedha ile utaila siku moja, na hujui mlango uliougongesha.

Wa pili ni yule anayeulizwa. Siku hizi hatuulizwi barazani tu, twaulizwa ndani ya simu, katika makundi ya watu mia mbili ambao nusu yao hatuwajui. Mtu huandika humo: Nani ajuaye nyumba ya yule mkaguzi? Na kabla ya dakika mbili kumi wamemjibu, na mmoja ametia na picha ya lango. Hawa ni watoto wa wale wazee wa barazani. Desturi yao imekwenda wapi? Muulizeni aulizaye ni nani na ataka nini, na jambo likiwa ni la kazi, mwelekezeni ofisini. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama alivyopokea Muslim, kwamba yatosha kuwa uwongo kwa mtu kuhadithia kila alisikialo. Ikiwa kusema kila tulisikialo ni vibaya hivyo, kutawanya kila tulionalo katika simu kutakuwaje?

Wa tatu ni yule aliyedhulumiwa na mtumishi wa serikali. Wallahi uchungu wake waeleweka, na kumnyamazisha si katika dini. Aandike barua, akate rufani, amshitaki kwa mkubwa wake, aseme katika gazeti ikiwa ana ushahidi. Zote hizo ni njia za kuingilia mlangoni, na Mwenyezi Mungu katika Suratu 'l-Bakara, aya ya 189, ametuamrisha kuziingia nyumba kwa milango yake. Lakini akiitangaza nyumba ya adui yake ili watu wamwendee, ameacha kudai haki, ameanza kuwinda. Na akiingia mwindaji wa kweli kwa alama aliyoiweka yeye, mke na watoto waliomo hawakumdhulumu kitu.

Wa nne ni mtumishi mwenyewe. Nawe pia usiitupe sitara yako njiani kisha ukalaumu wapitao. Wafundishe watoto wako wasitangaze skuli yao na safari zao na mlango wa nyumba yao kwa watu wasiowajua. Na kumbuka kwamba sitara hii umepewa upate kuhukumu bila ya khofu. Ukiifanya pazia la kulia rushwa, umeikhini kazi yako na umeikhini sitara.

Wamekufa watu kwa kufungua mlango wa nyumba zao wenyewe. Hapana awezaye kuwarudisha. Lakini kila mmoja wetu aweza kuwa swali moja mbele ya mlango wa jirani yake: Wewe ni nani, bwana, na wamtakia nini? Yule mwana wa hakimu hakuhitaji zaidi ya mtu mmoja katika njia ile ndefu ya khabari, wa kuliuliza swali hilo kabla ya kupokea fedha.

Ewe Mola wetu, zisitiri tupu zetu na uzipe amani khofu zetu. Wape mahakimu wetu uadilifu, na uzilinde nyumba zao wanapokuwa mahakamani. Tujaalie tuwe wenye kuzichunga amana tulizopewa, katika vinywa vyetu na katika daftari zetu na katika simu zetu. Na utusitiri siku ya Kiyama, siku ambayo hapana dari wala ua wala mlango, ila rehema yako.

Wa billahi 't-tawfiq.